Jinsi ya Kupata Hasara kwa Heshima katika Mvinyo wa Pipani

Sogea karibu, nikuambie jambo ambalo dalali wako hatakuambia. Ukinunua mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, ungali kwenye pipa, usitegemee kutajirika. Lakini kuna hasara ya aibu na hasara ya heshima, nami nakutakia hiyo ya pili.

1. Jua unachonunua. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Masika yanayofuata, wafanyabiashara na waandishi humiminika Bordeaux, wakaonja kilichomo ndani ya mapipa ya lita 225, wakatema, wakatoa alama. Kisha mashamba hutangaza bei. Wewe unalipa sasa. Chupa utaishika baada ya miaka miwili hivi. Mtu wa Bukoba anaielewa biashara hii bila kufafanuliwa: ni butura, kahawa kuuzwa ingali maua. Ila kwenye butura anayebanwa ni mkulima mwenye shida ya ada ya shule. Bordeaux, anayebanwa ni mnunuzi mwenye hela za ziada. Ndiyo maana sikuonei huruma sana, rafiki yangu.

2. Yakubali majivuno yako mapema. Mwaka 2010, Château Lafite, shamba maarufu la Bordeaux, walitangaza kwamba chupa za mavuno ya 2008 zitachorwa alama ya Kichina ya namba 8, namba ya bahati kwa Wachina. Bei ikaruka papo hapo. Mvinyo ulikuwa uleule! Wanunuzi walilipia mchoro kwenye kioo. Na wewe ungelipa, nami pia. Basi yape majivuno posho yake: nunua kasha moja la jina kubwa, litaje mezani mara moja tu, kisha nyamaza. Hela inayobaki ipeleke kwenye mashamba madogo ambayo hakuna anayeyapigia kelele. Huko ndiko hasara huwa ndogo na mvinyo huwa mtamu.

3. Usikariri alama. Robert Parker, mwanasheria kutoka Maryland, Marekani, aliyegeuka mhakiki wa mvinyo, alijipatia jina kwa kuyasifu mavuno ya 1982 wakati wengine wakisitasita, na tangu hapo alama zake juu ya 100 zikawa zinapandisha na kushusha bei. Lakini kinachoonjwa Aprili ni kichanga cha miezi sita, na mchanganyiko wa mwisho huenda ukawa tofauti na ule wa sampuli. Ukiulizwa maoni mbele za watu, sema: “Bado mchanga, tuupe muda.” Hutaumbuka kamwe, kwa sababu ni kweli.

4. Njia ya mkato: usinunue. Subiri chupa. Wengi waliokimbilia mavuno ya 2010 kwa bei ya kutisha walikuja kuyakuta sokoni kwa bei ya chini kuliko waliyolipa. Château Latour, shamba jingine kubwa la Bordeaux, wenyewe walijitoa katika uuzaji huu mwaka 2012. Tangu hapo wanauza mvinyo wao wanapoona umeiva. Mwenye shamba anasubiri, wewe unakimbilia wapi?

5. Ukitaka kuuza kabla ya chupa, kumbuka unauza karatasi. Wapo wafanyabiashara waliofilisika katikati ya safari, wateja wakabaki na risiti. Kwa hiyo nunua kwa kampuni ya zamani yenye sifa, na makasha yakifika, dai yaandikwe kwa jina lako na yakae kwenye ghala la forodha, hayajalipiwa ushuru wala kufunguliwa. Mnunuzi anayejua kazi yake atauliza yamelala wapi kabla hajauliza bei. Ukipata faida, toa gharama za ghala, bima na kamisheni ya dalali kabla hujamwambia shemeji yako.

6. Bei ikishuka, acha kuitazama kila asubuhi. Inakula usingizi, na chupa haina habari. Lipia ushuru, leta kasha nyumbani, lilaze mahali penye giza na ubaridi. Ngoja siku ya kumuoza binti yako. Zibua saa moja kabla ya wageni, mimina kidogokidogo, na mjomba akiuliza ulinunua bei gani, mwambie ulinunua zamani.