Ndovu Chini ya Kitambaa

Westerville, Ohio

Kwa Waya, shangazi yangu mpendwa, Homa Bay, na kwa kaka yangu mkubwa wa Migori, ambaye najua atakusomea barua hii kutoka simuni mwake, maana miwani yako ungali unaitafuta,

Nawaarifu kwamba baridi haijaniua, na juzi nilitozwa ada kwa kosa la kushinda. Katika nchi hii mtu akienda mnadani, akapandisha bei mpaka wenziwe wote wakanyamaza, na dalali akagonga meza kwa nyundo kuthibitisha kwamba mali sasa ni yake, huenda akaongezewa asilimia kadhaa (mimi 20) juu ya bei ile ile aliyoitamka kwa kinywa chake, nayo huitwa ada ya mnunuzi. Yaani hulipa kwanza kwa kuwa amenunua, kisha hulipa tena kwa kuwa aliyenunua ni yeye. Kaka, wewe uliyeotea mvi katika soko la ng'ombe, ambako dalali humkamua mnunuzi kwa siri na kwa adabu, utaelewa nilivyostaajabu kuona jambo lile lile limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. (Ndiyo, Waya, mnada ulikuwa Jumamosi, siku ya Sabato. Tuendelee.)

Nilichoshinda ni sinia. Usikande unga wa maandazi ya kulijaza, kwa maana upana wake ni inchi 4 na ushei, nalo ni la bati, la duara, limechapwa picha ya bibi mwenye kofia ya manyoya anayeitazama glasi ya bia kana kwamba imekuja kumposa, na wadhifa wake zamani ulikuwa kumrudishia mnywaji chenji yake, ili aone haya mbele ya yule bibi na kumwachia mhudumu sarafu mbili tatu. Ndizi halibebi. Yai likiwekwa juu yake litabingirika. Kwa chombo hicho nilitoa dola 60, na 12 nyingine za ushindi.

Chimbuko la wazimu huu ni mji mdogo uitwao Coshocton, mashariki ya hapa, mahali mito ya Walhonding na Tuscarawas inapokutana na kuzaa mto Muskingum. Huko, katika miaka ya 1880, mhariri wa gazeti, Jasper Meek, akiona mitambo yake inalala bure kila gazeti linapokwisha kutoka, alimshawishi mwenye duka la viatu alipie mifuko ya gunia ya watoto wa shule, iliyochapwa jina la duka, hata ikawa kila mtoto aendaye kusoma anatembeza tangazo bila ujira. Mhariri wa gazeti lililoshindana naye, Henry Beach, hakukubali kupitwa, akaanzisha kampuni yake. Mwaka 1901 mahasimu hao wakaunganisha biashara, na muda si muda wakatengana, maana ndoa za namna hiyo tunazijua. Toka mifuko wakaingia kwenye bati, na masinia ya bia na ya Coca-Cola yakatoka Coshocton kwenda Marekani nzima, mengine yangali na jina la American Art Works ukingoni kwa herufi ndogo kama chawa. Picha ilichorwa kwa mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa maji, wino ukashika penye mafuta na kukataa penye maji, kila rangi na jiwe lake; na kwa kuwa jiwe na bati vyote ni vigumu, Mwingereza Robert Barclay alipewa hataza mwaka 1875 kwa hila ya kuipitisha picha kwanza kwenye silinda yenye uso laini, ndipo ifike kwenye bati, kisha bati likaokwa tanurini.

Sasa nifike kwenye taa, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Kabla ya mnada wazee wawili, watu wazima wenye wajukuu, walichukua sinia kubwa, wakajifunika shuka jeusi pamoja nalo, na humo ndani wakawasha kurunzi yenye mwanga wa zambarau, wakanyamaza kitambo, kisha mmoja akaguna. Nikaomba nami niingie. Nilielezwa kwamba rangi ya asili na rangi iliyopakwa juzi na mjanja hazing'ai sawasawa chini ya mwanga ule, kwa hiyo bibi aliyeonekana mwenye shavu laini mchana, humo gizani hudhihirika kuwa na kiraka cha samawati kutoka sikioni hadi kidevuni. Tukatoka, nao wakampa alama: 8.5 juu ya 10. Nikauliza ile nusu imepotelea wapi, nikaonyeshwa kwa kioo cha kukuzia mkwaruzo ambao hata inzi asingejikwaa, na nikaambiwa kwamba kati ya 8.5 na 9 pana mamia ya dola. Mwalimu wetu wa hisabati, ambaye mlimwita katili, alikuwa mtu wa rehema.

Sheria zao nyingine ni hizi: sinia halioshwi kwa kusugua, haliwekwi juani, halitiwi chai, na kila baada ya muda hupakwa nta, ile ya kung'arishia magari. Mzee mmoja kati ya wale wawili alinialika kwake nikaone hazina yake. Masinia yametundikwa kuanzia sakafuni hadi darini, kuta zote nne, mabibi kwa farasi kwa mbwa, na tangu nilipoingia mpaka nilipotoka sikukaribishwa hata maji. Njiani nilikumbuka kwamba kwako, Waya, mgeni hajakaa vizuri ila sinia limekwisha kutokea mlangoni, na alidhaniaye anaweza kuondoka kabla ya kikombe cha pili hakujui kwenu. Nilifika nyumbani, nikachemsha chai, nikajiletea mwenyewe. Haikunoga.

Miongoni mwa yaliyo azizi ni masinia ya bia ya kabla ya mwaka 1920, na hapo mji wangu una mkono wake. Hapa Westerville ndipo yalipokuwa, tangu mwaka 1909, makao makuu ya Anti-Saloon League, chama kilichopigana vita dhidi ya kileo hata katiba ikapiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920 mpaka 1933. Viwanda vya bia vingi vikafa, masinia yake yakakosa kazi, na kwa kukosa kazi yakapanda cheo.

Ndipo nilipokukumbuka, Waya, nikiwa palepale mnadani. Lile sinia la bia alilorudi nalo marehemu mume wako kutoka baa aliyoisimamia Rongo, kabla hajabatizwa, lenye ndovu, ukumbusho wa yule ndovu aliyemuua George Hurst mwaka 1923, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha kiwanda cha bia Nairobi pamoja na wenziwe: bado uko nalo? Tangu Wasabato wafike Gendia mwaka 1906, sidhani kama ndovu wa bia amewahi kuwahudumia wazee wa kanisa kwa uaminifu kama huyo, akichukua vikombe vyao miaka yote na uso wake umefunikwa kwa kitambaa cheupe ulichokifuma mwenyewe ili asimkwaze mtu. Basi sikia ajabu: jua halikumfikia, vikombe havikumkwaruza, na kwa hukumu ya maulamaa wa taa ya zambarau, ucha Mungu wako huenda umemhifadhi hata afike 9. Kwa hisani yako, usimsugue kwa majivu wala mchanga. Usichagulie maharagwe juu yake. Najua utakaloniambia.

Kaka, aya hii usiisome kwa sauti. Kohoa, useme mtandao umesumbua. Sinia walilojifunika nalo shuka liliuzwa dola 1,000, kabla ya ada ya ushindi. Usimwambie, maana akisikia atalifungia kabatini, na wazee watanyweshwa chai mkono kwa mkono kwa ajili yangu. Panda gari Ijumaa, upitie Rongo na Rodi Kopany, ulale kwake, na asubuhi akishakwenda kanisani uinue kitambaa upige picha mbele, nyuma, na ukingoni panapoandikwa jina la mchapaji. Ukiona kutu ya ukubwa wa dengu, niarifu. Ukiona inayozidi hapo, nifiche. Kisha rudisha kitambaa kama kilivyokuwa, pembe nne, kwa sababu atajua.

Sasa endelea kwa sauti: Waya, nakusalimu mno, wasalimu wazee wa kanisa wote, na ikiwa kaka atakuja Ijumaa, mpikie omena, amenikosea sana kwa kuwa karibu nawe.

Ndimi mwanao wa ughaibuni