Zamu ya Januari Ina Jogoo Wake

Chama cha mzunguko pale Suna kina hesabu isiyopingika: watu 12 wakichanga shilingi 2,000 kila mwezi, kila mmoja atapokea 24,000 mara moja kwa mwaka, na hakuna atakayepunjwa. Ugomvi unaanzia hapo. Shilingi 24,000 za Januari, karo ikidaiwa langoni mwa shule, hazina undugu na 24,000 za Septemba, ambazo huingia kimya na kuishia kwenye harusi ya binamu. Mama anayeuza omena za Muhuru anaitaka Mei, kwa kuwa uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai na biashara yake hulala. Mkulima wa miwa wa Awendo hachagui mwezi; anataka wowote utakaotangulia malipo ya kiwanda, na huo hata malaika hawaujui. Basi kila mtu anaomba kubadilishana zamu, na mweka hazina, aliyechaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, anageuka hakimu.

Kosa ni la chama kushikilia kwamba miezi yote ni sawa. Kampuni ya RCI, iliyoanzishwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1974 ili watu walionunua wiki zao za mapumziko hotelini wabadilishane, huipa wiki ya Krismasi ufukweni uzito mkubwa kuliko wiki ya mvua. Wenye wiki bado wananung'unika, maana kila mmoja anaweka ya mvua na kuomba ya Krismasi, lakini angalau wanajua wananung'unikia nini.

Utaambiwa chama ni undugu, na kuitia Januari bei ni kumuuza ndugu. Januari inauzwa tayari, jamani: anayeiachilia hupewa jogoo, au ahadi ya jogoo. Bei ipo ila haijaandikwa, na bei isiyoandikwa hupanda kila inaposimuliwa. Wengine wanataka kura. Kura huamua tu nani atangulie kulalamika. Vikaratasi havijakunjuliwa vyote na maombi ya kubadilishana yameshaanza. Pingamizi lenye uzito ni kwamba thamani ya mwezi haitabiriki, na hapo wana haki. Baada ya korona mwaka wa shule ulianza Julai 26, 2021, ukafuata wa Aprili 25, 2022, na Januari haikurudishiwa cheo chake hadi 2023. Aliyetoa majogoo wawili ili aipate Januari ya 2022 angejikuta amenunua muhula wa tatu, ambao karo yake ndiyo ndogo kuliko zote. Lakini hasara ya namna hiyo ndiyo inayotaka maandishi, ili ijulikane nani alimpa nani nini. Daftari lina nafasi ya safu moja zaidi, kati ya jina na mwezi, ya jogoo. Naye aandikwe kwa kilo, kwa sababu wapo wanaoahidi jogoo Desemba na kuleta kifaranga Februari.