Muulize Ta Mshauri: Rimoti Iliyonyamaza

Waitu Ta Mshauri, shikamoo. Rimoti ya gari langu, Toyota IST, imekataa kufungua milango. Fundi asema ninunue ufunguo mpya kamili, na bei aliyonitajia yaninyima usingizi. Nifanyeje? (Msomaji wako, Nshamba, Muleba.)

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniletea mimi shauri hili, kwani tangu Bukoba mpaka Kamachumu hapana mtu aliyetafakari habari za kufuli na funguo kwa kina kama mimi, ambaye babu yangu mzaa baba alikabidhiwa ufunguo wa ghala la kahawa wakati wenzake walikuwa hawaaminiwi hata kikapu. Watu hutukejeli sisi Wahaya kwa jina la “nshomile”, wakidhani kwamba elimu na majivuno ni kitu kimoja. Nami sitawajibu, ila nitadokeza tu kwamba hotuba niliyoitoa harusini Rubya ilidumu hata wali ukapoa, wala hapana mgeni aliyeondoka. (Nasikia milango ilikuwa imefungwa, lakini hilo si hoja.)

Ama baadu. Dawa ya kwanza, ambayo ni siri ya ukoo wetu, ni kuifunga rimoti katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha ushuke ufukweni Bukoba alfajiri, uelekee kisiwa cha Musira, na ulitajie gari nasaba yako hadi kizazi cha saba. Kabla ya kuifunga itakulazimu uitoe betri isije ikalowa. Nayo ni kidonge cheupe chenye namba mgongoni, CR2032 au CR1616 au nyingineyo, na maadamu umekwisha kuitoa, huna hasara kumwonyesha fundi saa akupe mpya ya namba ile ile, ukiipachika kama ulivyoikuta ya zamani. Wengi hupona hapo hapo, nao husema ni betri. Mimi nasema ni nasaba.

Je, gari lawaka? Hukuniarifu, kwa kuwa vijana wa leo huandika kama waliotozwa fedha kwa kila neno. Likiwaka, basi rimoti ndiyo mgonjwa, si ufunguo. Chipu iliyo ndani ya mpini haihitaji betri: huamshwa na koili izungukayo tundu la swichi, na kompyuta ikiitambua ndipo injini huruhusiwa kuwaka, hila ambayo Ujerumani na Uingereza ziliilazimisha kwa magari mapya mwaka 1998. Magari mengine ya Kijapani hayana chipu kabisa, na kwa hayo kuchonga chuma peke yake kwatosha. Fundi akikutoza fedha ya kuprogramu kitu kisichokuwamo, mwambie umesoma kwangu. Na kama ni vitufe tu vilivyolika, nunua kasha tupu uhamishie matumbo yote, chipu ikiwamo, maana nayo ni ndogo na hupenda kubaki katika kasha kuukuu, hata mwenye gari akaishia kuilaumu petroli. Ningeweza kukueleza pia jinsi nilivyomnyamazisha mhandisi mmoja juu ya jambo hili mbele ya wakwe zake, lakini mhariri amesimama mlangoni na mkasi wake.

Kwa haraka, basi: ufunguo wa pili uutengeneze ungali na wa kwanza, kwani fundi mwenye mashine ya kuchomeka chini ya dashibodi huongeza kwa wepesi, ilhali ukipoteza zote kompyuta yataka kufutwa kumbukumbu na bei hupaa. Ulizia bei ya kuchonga mbali na bei ya kuprogramu. Na jirani mwenye gari la kuwashwa kwa kitufe usimnunulie rimoti iliyokwisha tumika, kwa maana nyingi huwa zimesajiliwa kwa gari la kwanza na hukataa la pili. Uende na kadi ya gari. Fundi asiyeiulizia, mkimbie. Ujira wangu ni senene, debe moja, walionyonyolewa mbawa na miguu.