Shukrani za Chala kwa Kamati Iliyokataa

Kwa Kamati ya Michezo na Olimpiki ya Afrika Kusini (SASCOC),
Johannesburg.

KUH: TIKETI MBILI ZA OLIMPIKI MLIZOWAPA WANAWAKE WA KENYA

Waheshimiwa,

Barua hii imechelewa, na aliyeiandika anaomba radhi. Inatoka Chala, kaunti ya Taita Taveta, ukingoni mwa ziwa ambalo sehemu yake ni ya Kenya na sehemu ni ya Tanzania. Ziwa lenyewe lina ajabu yake. Limekaa ndani ya shimo la volkano, kuta zimesimama wima kulizunguka, na hakuna mto wa maana unaoonekana ukiingia. Maji yake mengi huja kwa chini kwa chini: ni mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka, ikapenya mwambani ikaibukia huku. Watu wa Chala wamezoea kuishi kwa mvua ya jirani na hawaoni haya kusema ahsante. Nairobi ilipoonekana haina haraka ya kuwashukuru, ikabidi mtu wa huku ashike kalamu.

Huenda mmeshasahau wema wenyewe, maana mtenda wema huenda zake.

Septemba 2015 mashindano ya Afrika ya raga ya wanawake, wachezaji saba kila upande, yalifanyika kwenu Kempton Park. Bingwa angekwenda Rio. Wasichana wenu wakawa mabingwa, Kenya ikawa ya pili. Ninyi mkasema hapana: kushinda Afrika peke yake hakutoshi, mwanamichezo wa Afrika Kusini afuzu kwa kipimo cha dunia. Tiketi ikateremka ngazi moja, ikawaangukia wanawake wa Kenya.

Mara moja ingeitwa bahati. Oktoba 2019, Jemmal, Tunisia, mambo yakajirudia. Fainali ikawa ileile, na safari hii wasichana wenu wakashinda 15 kwa 14. Pointi moja! Mchezaji wa Kenya aliyejitupa chini siku hiyo akilia hakujua kwamba msimamo wenu ulikuwa haujayumba hata kidogo. Mshindi akarudi nyumbani, aliyeshindwa akafungasha kwenda Tokyo.

Na hamkubagua. Kwa Rio mliwazuia pia wachezaji wenu wa magongo, wanaume kwa wanawake, ingawa walishafuzu kupitia Afrika. Nafasi ya wanaume ikaenda New Zealand, ya wanawake ikaenda Hispania. Chala haina habari kama wale waliandika barua.

Sasa mngependa kujua zawadi ilitumikaje. Philadelphia Olando, Janet Okelo na Sheila Chajira walikwenda Rio mwaka 2016, wakaenda na Tokyo, na Tokyo Olando ndiye aliyekuwa nahodha. Rio, New Zealand iliwafunga 52 bila. Mechi yenyewe ni dakika kumi na nne tu, mwenye hesabu na apige. Walimaliza wa kumi na moja baada ya kuichapa Colombia 22 kwa 10. Miaka mitano baadaye, Julai 2021, wakakutana tena na New Zealand, ambao safari hiyo waliondoka na dhahabu. Matokeo: 29 kwa 7. Kisha wakawafunga wenyeji, Japani, 21 kwa 17, wakamaliza wa kumi. Yaani kutoka 52 bila mpaka 29 kwa 7, na waliopunguza pengo hilo ni wanawake wanaocheza ligi ya nyumbani isiyomlipa mtu mshahara wa kupangia nyumba. Kwa kipimo chenu cha dunia bado ni haba. Kwa kipimo cha Chala, mbuzi amezaa mapacha.

Mwandishi asifiche jambo: hawa wakiamua hushinda hata bila hisani. Mwaka 2018 huko Gaborone waliutwaa ubingwa wa Afrika, na waliowashinda fainali ni wasichana wenu. Bahati mbaya mwaka ule Gaborone haikuwa na tiketi ya Olimpiki.

Huku nyumbani, ukisimama stendi ya Voi ukamuuliza kijana yeyote habari za raga, atakupa Collins Injera wa timu ya wanaume na atakupa Singapore, Aprili 2016, Kenya ilipoifunga Fiji 30 kwa 7. Muulize nahodha wa wanawake Tokyo alikuwa nani. Ataanza kukuuzia maji baridi. Si kosa lake, kwani nani alimwambia? Viongozi wetu wa michezo nao wana shughuli nyingi. Rio, kwa mfano, ilikuwa safari nzito hata kwa wasiokimbia: Septemba 2021, mwezi mmoja na ushei baada ya wasichana kurudi kutoka Tokyo, mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, kwa matumizi mabaya ya ofisi katika safari hiyo, ikampa faini ya shilingi milioni 3.6 au jela miaka sita. Miongoni mwa yaliyomponza ni watu walioongezwa kwenye msafara bila kuwa na kazi huko. Kumbe viti vya ndege vipo. Ni kuangalia tu anayekaa ni nani.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za michezo na viwanja vyake. Chala inaiamini Katiba sana. Kiwanja cha hapa bado kinasubiri kusomewa jedwali hilo.

Jioni moja, kwenye kiwanja cha vumbi cha shule, wasichana wanne walikuwa wakirushiana papai bichi. Mmoja aliiona raga kwenye simu ya kaka yake, sasa anawafundisha wenzake sheria moja aliyoikumbuka: unakimbia mbele, lakini ukirusha, unarusha nyuma. Mdogo wao, kandambili mkononi, akasimama. "Sasa tutafika saa ngapi?" Mwalimu wake hakuwa na jibu. Akakimbia tu, akageuza kiuno, akalirusha papai nyuma kwa mikono miwili, vizuri kabisa, bapa la kiganja likifuata. Yule mdogo akalikosa. Papai likapasuka, mbegu zikatapakaa vumbini, mazoezi ya timu ya taifa ya Chala yakaishia hapo, na mbuzi wakaingia kiwanjani.

Basi ni kwa niaba ya hao wanne kwamba lalamiko hili dogo linaletwa kwenu. Mmebadilika, waheshimiwa. Kabla ya Tokyo mliwalegezea msimamo wachezaji wa magongo, wakapita kwa tiketi ya Afrika. Oktoba 2023, wasichana wenu wa raga walipotwaa ubingwa wa Afrika huko Monastir, Tunisia, hamkusema neno. Mliwaacha waende Paris! Wanawake wa Kenya wakajaribu mlango wa mwisho Monaco, Juni 2024, wakaukuta umefungwa, Olimpiki ikaangaliwa kwenye runinga. Wasichana wenu walistahili, na walikwishastahili tangu Kempton Park. Mtu mwenye roho hawezi kuwaonea kijicho watu walionyimwa jasho lao mara mbili na wakubwa wao wenyewe. Lakini mngepiga simu angalau. Kuna watu Nairobi walikuwa wameshaupanga mustakabali wa raga ya wanawake juu ya ukaidi wenu, na mmewaacha bila mpango mwingine.

Kwa hiyo Chala inaomba mawili. Kwa Los Angeles 2028, ikiwapendeza, irudisheni ile sheria ya zamani, walau kwa miaka minne, mpaka huku wapate nafasi ya kukaa kikao. Ikishindikana, tumeni mpira mmoja, hata uliochakaa. Upakieni basi la Taveta pale Voi, na kondakta aambiwe mapema kwamba kilichomo mfukoni si papai, asije akaukata siku ya soko.

Wenu mwenye shukrani,
Mkazi wa Chala