Jinsi ya Kuunganisha Mazimwi na Wimbo Unaofuata

Ukichoka kuunganisha amapiano na amapiano, kazi ambayo siku hizi hata simu inaiweza, jipe mtihani wa maana. Chomeka katikati ya shoo yako "Katika Ukumbi wa Mfalme wa Milimani", kipande cha mazimwi alichokitunga Edvard Grieg wa Bergen, Norwei, kwa ajili ya tamthilia ya Peer Gynt. Usijifanye hukijui. Umekisikia kwenye katuni na kwenye matangazo ya biashara, na kama wewe ni mpenzi wa sinema za kale, umekisikia kwenye M ya Fritz Lang ya mwaka 1931, ambamo muuaji wa watoto anakipiga mluzi. Ni dakika mbili na nusu hivi. DJ gani atashindwa na dakika mbili na nusu?

Kwanza iachie kompyuta ipime mapigo kwa dakika. Usiisaidie. Itakupa namba moja, tena yenye desimali, na kila mtu anajua desimali haidanganyi. Namba hiyo itakuwa sahihi kabisa kwa sekunde chache pale katikati. Kabla ya hapo muziki uko nyuma yake, na baada ya hapo umeshaiacha. Grieg anaanza kwa mwendo wa kunyatia, selo na dabo besi zikidonolewa nyuzi kwa vidole na besuni zikinong'ona chini kwa chini. Kisha anaiagiza okestra ikaze mwendo, ikaze tena, na isipoe mpaka tamati. Katika rekodi nyingi kasi ya kumalizia inakaribia kuwa maradufu ya ile ya kuanzia.

Ukiamua kukifukuza kwa mkono, Technics SL-1200MK2, mashine iliyolea madijei wa dunia nzima tangu 1979, inakupa asilimia 8 za kuongeza na 8 za kupunguza. Wewe unahitaji karibu mia. Zilizobaki jazia kwa kujiamini. Kumbuka pia kwamba kwenye santuri kila asilimia 6 hivi ya mwendo hupandisha sauti kwa nusu toni, kwa hiyo wimbo wa kwanza, ule unaojaribu kuyafikia mazimwi, utafika ukiwa umepanda oktava nzima na mwimbaji wake analia kama panya. Kama huna moyo huo, ngoja tu mwishoni ndipo uingize singeli. Ni miongoni mwa miziki michache inayokuja ikiwa imeshapita mapigo 200 kwa dakika bila kuombwa, na vijana wa Manzese watashangaa kwamba mazimwi ndiyo yanayohema.

Sasa ufunguo wa muziki. Hapa tunalo lile gurudumu la DJ la kuoanisha funguo za nyimbo, lenye namba 12 kama uso wa saa, A ikisimama kwa maina na B kwa meja. Kipande chetu kiko B maina, yaani 10A. Sheria ni nyepesi: baki ulipo, sogea namba moja kulia au kushoto, au badili herufi tu. Tuyajaribu haya kwa nyimbo jirani zake kwenye Mkusanyiko wa kwanza wa Peer Gynt, uliotoka 1888. "Asubuhi" iko E meja, 12B, hapana. "Ngoma ya Anitra" iko A maina, 8A, imekosa kwa hatua moja. Inabaki "Kifo cha Åse", B maina, 10A kwa 10A, ndoa kamili. Kwa mujibu wa gurudumu, basi, jambo la busara kuliko yote baada ya kuupandisha ukumbi jazba ni kuwapigia mama yake Peer akikata roho, kwa vinanda vya nyuzi vilivyozibwa sauti. Fanya hivyo kwenye harusi halafu usubiri malipo yako.

Kuna jambo jingine usilotakiwa kulichunguza. Mazimwi hayajatembea hata kidogo, Grieg analinyanyua lile ghani na kulipeleka F-shapu meja. Hiyo ni 2B. Kutoka 10A ni kuruka namba nne na kubadili herufi juu yake; gurudumu lingesema huyu amelewa, mshusheni jukwaani. Lakini sikio halisikii ajali yoyote. Linasikia kuvutwa kurudi nyumbani. Mwalimu yeyote wa kwaya anayefundisha kwa do-re-mi angekueleza kwa dakika moja, pengine kwa kufoka: wimbo ukikaa kwenye la, kodi ya mi yenye se ndani yake ndiyo inayoudai urudi. Gurudumu limeiweka F-shapu maina jirani kabisa, 11A, na hii meja, yenye nguvu kuliko zote, limeipeleka uhamishoni. Mimi ningemwamini mwalimu wa kwaya. Wewe una programu ya kulipia, itii.

Ukikiharibu usilie sana. Mtunzi alikutangulia kukicheka. Henrik Ibsen alimwomba muziki wa tamthilia yake hiyo ya Peer Gynt mwaka 1874, na wakati anauandika Grieg alimwambia rafiki yake kwamba kipande hiki hawezi hata kukisikiliza, kinanuka mavi ya ng'ombe na majivuno ya Kinorwe. Alitumaini watu wataiona kejeli. Kilipopigwa mara ya kwanza jukwaani Christiania, Oslo ya leo, tarehe 24 Februari 1876, watu walikipenda kwelikweli.

Kazi ngumu ni kutoka. Mwishoni okestra inapiga kodi moja ya kishindo, inanyamaza, inachomoka mbio, inapiga tena, inanyamaza tena. Kimya cha kwanza programu itaamini wimbo umekwisha na kufyatua unaofuata. Kimya cha pili wageni watapiga makofi, na cha tatu watayaona makofi yao yalikuwa ya mapema. Usijaze mapengo hayo kwa king'ora. Kwenye tamthilia hakuna wimbo uliounganishwa hapo: mazimwi yanadai Peer achinjwe, na mfalme wao mzee anafungua mdomo na kuyaambia yapoe. Anaongea tu. Kwa hiyo kodi ya mwisho ikidondoka, shusha vidhibiti vyote na umpe MC maikrofoni. Kuna Noah nyeupe imeziba geti tangu saa mbili.