Nyumba ya Kioo ya Kinyonga: Majibu kwa Wasomaji wa Likasi

Sanduku la kioo lenye mimea ndani lilibuniwa kwa faida ya mmea, si ya mnyama. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia bundo la nondo katika udongo ndani ya chupa iliyofungwa, akitaka kumwona nondo akitoka. Kilichomshangaza ni kangaga lililochipua humo, wakati makangaga ya bustani yake yalikuwa yakifa kwa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1833 masanduku ya namna hiyo yalipakiwa melini hadi Sydney, na mimea ikafika hai. Likasi, mji wa shaba ulioitwa Jadotville hadi 1966, unaujua moshi, kwa hiyo hoja ya Ward inaeleweka hapa bila mkalimani. Ila kangaga halina mapafu ya kuugua, wala halijioni kwenye kioo likakasirika. Karibu malalamiko yote yanayofika kwenye safu hii yana chanzo kimoja: mnyama amepangishwa nyumba ya jani, na mwenye nyumba hakufanya ukarabati.

Mpangaji mwenyewe ni kinyonga wa kawaida wa misitu ya miombo, Chamaeleo dilepis, mwenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala shingoni kama masikio ya tembo mdogo. Mkubwa anaweza kufika sentimita 30 hivi, mkia ukihesabiwa. Jenasi yake imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1977, na Kongo ina sheria yake ya uhifadhi wa maumbile ya tarehe 11 Februari 2014. Msomaji aliyeuliza kama anaweza kupita naye Kasumbalesa ndani ya boksi la viatu amtafute mwanasheria, na amtafute kabla ya kufika mpakani.

Swali la kwanza limetoka Shituru. Fundi amejenga sanduku zuri, amelifunga pande zote kwa silikoni, na sasa kioo kinatoka jasho huku kinyonga akipumua mdomo wazi. Jibu ni kwamba fundi amejenga chupa. Hewa ya kinyonga lazima itembee: iingie ikiwa baridi kwa chini, ipate joto, itokee juu. Hivyo chini ya mlango huachwa mwanya wa vidole vitatu wenye wavu, na paa lote huwa wavu. Wavu uwe wa waya. Ule wa plastiki nyenje huutafuna usiku mmoja, na asubuhi chakula cha kinyonga kinaimba chini ya kitanda cha watoto. Sanduku lenyewe liende juu kuliko linavyokwenda pembeni, sentimita 60 kwa 60 kwa 120, kwa sababu huyu ni mkazi wa matawi. Chini anashuka akiwa na shida.

Msomaji mwingine anaeleza kwamba kinyonga wake hununa, huwa mweusi, hujivimbisha na kuachama mbele ya ukuta mtupu. Ukuta si mtupu. Kinyonga huishi peke yake na hulinda eneo lake, na ndani ya kioo anamwona kinyonga mwenzake anayemwiga kila tishio na hahami. Pande tatu za sanduku zifunikwe kwa nje kwa karatasi au ubao, kisha mimea isogezwe mbele ya kioo kilichobaki. Kumletea mwenzi wa kumliwaza, kama msomaji huyo alivyopanga, ni kumfanya yule adui wa kioo awe na meno.

Udongo ndio sehemu ambayo vitabu vya Ulaya havimsaidii mtu wa Likasi. Mpango wake ni mwepesi: chini kabisa changarawe au matofali yaliyovunjwavunjwa, sentimita 5 hadi 8, ili maji yapate pa kukaa, juu yake kitambaa cha wavu, halafu udongo wa msituni uliochanganywa na makala kidogo yaliyopondwa, mwisho majani makavu. Wasichosema waandishi wa Ulaya ni changarawe ya wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi kwenye mkojo. Kama madini yanampata binadamu mwenye viatu, yatampata pia nyenje anayetambaa juu yake, na kinyonga anayemmeza nyenje mzimamzima. Changarawe isichotwe kwenye mabaki ya kiwanda, hata kama ni ya bure na iko mlangoni. Ioshwe mpaka maji yatoke meupe.

Hapo linajibiwa pia swali la mama mmoja anayeuza malakiti kwa wageni. Anataka kupamba sanduku kwa mawe hayo, kwa kuwa ni ya kijani na kinyonga ni wa kijani. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Jiwe hilo hupendeza rafuni, ila ndani ya sanduku linanyunyiziwa maji kila siku, na maji hayo kinyonga hulamba. Onyo hilohilo linahusu maua ya vilima vya shaba. Haumaniastrum katangense, mmea wenye maua ya zambarau ambao kwa muda mrefu watu wamefuata dalili yake kutafuta shaba, umezoea udongo ambao mimea mingine huukimbia. Uachwe kilimani kwake.

Mimea inayofaa iko barazani kwa watu: mtambaazi wa Epipremnum unaooteshwa kwenye chupa, mti mdogo wa Ficus benjamina, haibiskasi ambayo kinyonga huweza hata kula maua yake. Mnyaa na jamaa zake wenye utomvu mweupe mkali wasiingie, wala oleanda, ambayo ni sumu kila sehemu. Matawi yalazwe na yasimamishwe, mengine membamba kama penseli, ili mguu wa kinyonga uweze kuyakumbatia.

Sasa maji. Mwashi wa Kikula analalamika kwamba kinyonga wake ana kiburi: amewekewa bakuli jipya na hajalitazama siku nne. Kinyonga anaweza kufa kwa kiu juu ya bakuli lililojaa, kwa sababu maji yaliyotulia hayamwambii kitu. Anachokitambua ni tone linalotikisika kwenye jani. Majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni, na juu ya wavu iwekwe chupa yenye kitundu cha sindano inayodondosha tone baada ya tone. Mwashi akae kimya dakika kumi. Ataona jicho moja likigeukia jani huku la pili likimkagua yeye, kisha mdomo ukifunguka taratibu. Kuanzia Mei hadi Oktoba, hewa ya Likasi inapokauka, kioo husaidia kushika unyevu, na hiyo ndiyo sababu pekee nzuri ya kukichagua mahali pa sanduku la wavu mtupu. Mvua zikianza Novemba, hali hugeuka. Unyunyiziaji upungue, na sanduku liachwe likauke kabla ya kuloweshwa tena.

Msomaji wa Panda ameweka sanduku dirishani ili jua lifanye kazi ya taa. Amekosea mara mbili. Kioo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno ambayo ngozi ya kinyonga huihitaji kutengeneza vitamini D3, hivyo mnyama anayeota jua nyuma ya kioo hupata matege palepale kwenye mwanga. Wakati huohuo kioo hunasa joto, na kinyonga anaweza kuiva kabla ya saa sita mchana. Panapokuwa na umeme wa uhakika, taa maalumu ya mionzi hiyo huwekwa juu ya wavu na hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa kuwa mionzi huisha kabla ya mwanga. Umeme unapokatika mara kwa mara, kinyonga atolewe nusu saa kila asubuhi ndani ya tenga la wavu, nusu likiwa juani na nusu kivulini, achague mwenyewe.

Baridi ya Juni na Julai imemfanya msomaji mmoja awashe mbabula kando ya sanduku na kufunga madirisha. Moshi usioonekana wa makala huua kinyonga, na huua mwenye kinyonga. Mnyama huyu hulala nje kwenye miombo usiku wa baridi na asubuhi hujipasha moto. Kinachomdhuru zaidi ni baridi ikichanganyika na unyevu. Blanketi juu ya sanduku, mwanya wa hewa ukiachwa wazi, linatosha.

Kijana aliyemweka kinyonga juu ya fulana ya timu ya soka ya TP Mazembe na kungoja mistari myeusi na myeupe itokee aache kungoja. Rangi hufuata joto, hofu, ugomvi na ujauzito kuliko kitu kilicho chini ya miguu. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba vijifuwele vidogo mno ndani ya seli za ngozi husogeana au kuachana, na mwanga unaorudi hubadilika.

Chakula ni panzi, nyenje na nzi, si zaidi ya upana wa kichwa cha mlaji. Wadudu walishwe lengalenga siku moja kabla, kisha wapakwe unga wa ganda la yai. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni karamu, si ratiba. Mdudu aliyeokotwa katika nyumba iliyopuliziwa dawa asitolewe kwa yeyote.

Mama mkwe ambaye haingii ndani mpaka mnyama atoke ana historia upande wake. Mataifa mengi ya Kibantu husimulia kwamba kinyonga alitumwa na habari ya uzima akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Anaweza kuelezwa kwamba kinyonga hana sumu. Pengine ni rahisi zaidi kuhamisha sanduku.

Barua ya mwisho ndiyo ya haraka. Kinyonga jike ameacha kula, amenenepa, anashuka na kukwaruza kona za sanduku. Anatafuta pa kutagia, na hata asiyewahi kuona dume anaweza kubeba mayai. Safu nyembamba ya udongo haimtoshi. Awekewe ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 25, afunikwe kwa kitambaa asiangaliwe. Akikosa mahali, mayai yakikwama tumboni humuua. Anaweza kutaga 40 au zaidi na kuyafukia mwenyewe. Mayai yahamishiwe kwenye kopo la mchanga unyevu bila kugeuzwa, yakae mahali pasipo na jua. Huchukua karibu mwaka kuanguliwa, kwa hiyo kopo liandikwe kwa wino usiofutika, lisije likamwagwa na anayetafuta mchanga wa kusugulia masufuria.