Vifo vya Betri kati ya Mbinga na Mbamba Bay

Betri ya risasi, yaani betri ambayo ndani yake mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yametumbukizwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tangu hapo tabia yake haijabadilika sana: inapotoa umeme, asidi huungana na mabamba na kuyafunika kwa salfeti ya risasi, na inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka ikarudi kuwa asidi. Kwa kuwa kanuni hiyo ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu, ingetarajiwa kwamba sababu za kifo cha betri nazo zijulikane, lakini katika wilaya za Mbinga na Nyasa, kama ilivyo kwingi nchini, betri ya pikipiki inapokufa lawama huelekezwa kwanza kwa muuzaji, kisha kwa Mchina, kisha kwa jirani aliyeiazima jioni moja ili atazame taarifa ya habari, na mwenye betri hubaki kuwa mfiwa asiye na doa.

Kipimo cha uhai wake ni chepesi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushei, hivyo ikishajaa na kuachwa itulie kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6 kwenye mita, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya chaji, na ikishuka chini ya 12 ina njaa, hata kama taa bado inawaka. Hata hivyo, kijiweni kipimo kinachoheshimiwa zaidi ni cheche: fundi hukwaruza waya kutoka nguzo chanya hadi nguzo hasi, akatazama na kusikiliza kama mganga, kisha akatoa hukumu. Kipimo hicho kina kasoro mbili, kwamba hakisemi lolote kuhusu kiasi cha chaji, na kwamba betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo haihitaji zaidi ya cheche moja ili nayo itoe hukumu yake.

Betri ya bodaboda ni ndogo, aghalabu kati ya ampea-saa 5 na 9, maana yake ni kwamba ina uwezo wa kutoa umeme wa ampea moja kwa saa chache hizo kabla ya kuishiwa. Mtengenezaji aliikadiria kwa ajili ya stata, honi, taa na indiketa. Dereva akaongeza redio yenye spika mbili, taa za rangi chini ya tangi na chaja ya simu ya abiria. Pikipiki ikiwa kijiweni inanguruma taratibu huku muziki ukipigwa, mara nyingi umeme unaoingia haufikii unaotoka, na baada ya wiki chache stata hugoma. Hapo dereva hupiga kiki, injini inawaka, naye hukata shauri kwamba kumbe betri ilikuwa pambo tu. Kwa hakika kiki imeua betri nyingi kuliko redio, kwa sababu humwezesha mtu kuishi miezi na betri tupu bila kuona hasara, wakati hasara inajengeka ndani kila siku.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Ni nadra betri ya risasi kuuawa na kazi. Mara nyingi huuawa na mapumziko inayopewa ikiwa haina kitu, kwani salfeti iliyobaki juu ya mabamba kwa siku nyingi bila chaji hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziyeyusha. Mfano ulio wazi zaidi uko mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa wavuvi wa usipa, samaki wadogo wanaovutwa usiku kwa mwanga wa taa. Laini ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyoanza kazi mwaka 2018, haikuzistaafisha betri huko, maana hakuna mtumbwi unaoweza kuburuta waya wa TANESCO hadi katikati ya ziwa, na taa za LED zinazoipokonya karabai nafasi yake zinahitaji betri. Uvuvi huo hutegemea giza, hivyo mbalamwezi inapokolea kazi husimama: nyavu hushonwa, mtumbwi huzibwa nyufa, mvuvi hulipa usingizi anaodaiwa, na betri iliyorudi nchi kavu ikiwa tupu huwekwa nyuma ya mlango ili nayo ipumzike. Katika msafara wote huo ni betri peke yake inayougua kwa kupumzika. Giza linaporudi hupelekwa kuchajiwa na kujaa kwa muda mfupi kuliko zamani, jambo linalomfurahisha mwenyewe, ingawa kujaa upesi ni dalili kwamba sehemu ya mabamba inayoweza kupokea umeme imepungua, na taa itazimika kabla ya usipa kukusanyika. Iwapo ingejazwa siku ileile iliyorudi, ingeweza kungoja mwezi upite bila madhara, kwa kuwa betri nzima iliyojaa hupoteza yenyewe sehemu ndogo tu ya chaji yake kwa mwezi, na zaidi kidogo penye joto.

Joto nalo lina neno. Mji wa Mbinga uko katika milima ya Wamatengo, mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Mbamba Bay iko kando ya ziwa, kwenye mita 475 hivi. Kanuni inayokubalika ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa betri kwa takriban nusu. Kwa hiyo betri ya Mbinga huamka nzito asubuhi za Juni na kutukanwa, lakini huishi. Ya Mbamba Bay huamka nyepesi, husifiwa, na hufa mapema. Barabara ya lami iliyounganisha miji hiyo imesaidia zote mbili, kwani mtikisiko wa makorongo hudondosha unga wa mabamba hadi ukarundikana chini na kuyaunganisha, na hapo chumba kizima huwa kimekufa.

Kuhusu kuchaji, kanuni ya kale ni kutumia umeme usiozidi sana sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, hivyo ya ampea-saa 7 hutosheka na ampea 0.7, hadi volti zifikie 14.4 hivi. Baadhi ya vibanda vya kuchaji huzipanga betri za pikipiki, za sola na za Fuso katika chaja moja usiku kucha, na ile ndogo hupikwa hadi maji yake yachemke. Asubuhi mwenye nayo huikuta ya moto, akaamini kwamba chaji imeshiba.

Sola ingekuwa mlezi bora, kama si mpira wa miguu. Kati ya paneli na betri huwekwa kontrola ya chaji, kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi na ambacho pia hukata umeme betri inapokaribia kuishiwa, mara nyingi kwenye volti 11 na kidogo. Kontrola hiyo haijui ratiba ya ligi. Fedha za kahawa zikishalipwa na televisheni ikishanunuliwa, itafika jioni ambapo Simba na Yanga ziko sare dakika ya 80, sebule imejaa majirani hadi mlangoni, na kioo kinakuwa cheusi. Hakuna baraza la wazee litakaloketi kujadili salfeti wakati huo: koleo huletwa, waya za televisheni hufungwa moja kwa moja kwenye nguzo za betri, picha inarudi ikitetemeka, na dakika kumi za mwisho hutazamwa kwa gharama ya miezi kadhaa ya umri wa betri. Mechi yenyewe huisha suluhu.

Limebaki suala la maji. Kinachopotea wakati wa kuchaji betri ya vifuniko ni maji, si asidi, hivyo kinachotakiwa kuongezwa ni maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi wala madini, hadi usawa wa alama. Kuongeza asidi “ili ichangamke” huila mabamba, na maji ya kisima au ya ziwa, hata yaliyo maangavu hadi mchanga wa chini ukaonekana, hubeba madini yanayoidhoofisha polepole. Wengi hawaongezi chochote, na mabamba hukaukia hewani mwaka mzima. Vifuniko hufunguliwa hatimaye siku mnunuzi wa vyuma chakavu anapopita, kwa kuwa betri mfu hununuliwa kwa kilo, na siku hiyo vyumba vyote sita hujazwa maji hadi shingoni. Mnunuzi, ambaye naye si mgeni katika biashara hiyo, huipindua kwanza chini juu kabla ya kuitundika kwenye mizani, akisogeza miguu yake mbali na asidi.